Mkaa Palipotakiwa Diski

Jua lilikuwa limekwisha kuzama upande wa Kongo, na wekundu uliosalia mbinguni haukuwa wa jua tena bali wa mlima wa volkeno, pale Mutesi alipopanda ngazi za duka la Cyiza, fundi wa kompyuta pale Gisenyi, akiwa amekumbatia laptop ya marehemu kaka yake kama mtu abebaye mtoto mwenye homa. Nyuma yake alipanda Védaste, mshirika wake katika studio ya picha za harusi, akipiga mluzi na kuzitukana ngazi kwa utani, kama alivyozoea kutania kila kitu.

Shida iliyowaleta ilikuwa ndogo. Laptop ilikuwa imejaa. Harusi za msimu zilikuwa zinamiminika, kila harusi na saa zake nyingi za picha, na mashine haikuwa na pa kuziweka. Védaste alikuwa na dawa yake rahisi: zifutwe picha za zamani za Evode. Alilisema hilo asubuhi, akalirudia mchana, akalirudia tena pale ngazini, kwa upole wa mtu anayekutakia mema. Mutesi hakutaka kulisikia.

Evode, kaka yake, alikuwa amefariki kiangazi kilichopita. Yeye na Védaste walikwenda kupiga picha ufukweni mwa ziwa, kupita chemchemi za maji moto, na Evode akajilaza katika kibonde apumzike. Vibonde vya namna ile, wazaliwa wa kando ya ziwa lile wanavijua. Hewa nzito, isiyo na rangi wala harufu, hutoka ardhini ikatuama chini kama maji katika beseni. Wanaiita mazuku. Aliyesimama hupumua, aliyelala haamki. Védaste alieleza, huku machozi yakimlenga, kwamba alikuwa mbali na kamera yake, na alipomrudia rafiki yake alimkuta amekwisha poa. Watu walimpa pole yeye pia.

Walimzika Nyakiriba, katika shamba la ukoo. Na kwa kuwa alikufa kapera, alizikwa na ikara. Ni desturi ya wazee ambayo padri huifumbia macho: anayekufa bila kuacha mtoto hutiwa kipande cha mkaa mkononi, kwa maana moto wake umezimika, ili roho yake itulie huko iliko isirudi kuwadai walio hai. Siku ile Védaste ndiye aliyekumbusha kwamba mkaa usisahauliwe. Mama yao alijaribu kuuweka, akashindwa. Aliyeuweka ni Mutesi. Alivuta uzi mweupe kutoka katika shali yake, akauzungushia mkaa ule, kisha akaukunja mkono wa kaka yake, kidole baada ya kidole.

Ndiyo maana zile picha zilikuwa kwake zaidi ya picha. Zilikuwa ndio uzao wa Evode, wa pekee aliouacha duniani: sauti yake nyuma ya kamera, akiwatania mabibi harusi wanune kidogo halafu wacheke. Kuzifuta kungekuwa kumzima mara ya pili. Afadhali diski nyingine, hata ikiwa ghali.

Na Cyiza alikuwa ameiagiza tayari kutoka Goma, diski nyembamba kama kipande cha jojo. Karatasi za mtengenezaji zilisema wazi kwamba laptop ya aina ile ina nafasi mbili za diski: moja imekaliwa, nyingine inamngoja atakayetaka kuongeza. Kazi ya muda mfupi tu. Akaipindua mashine juu ya meza, akalegeza skrubu zake moja moja, akapitisha ukucha ukingoni hadi kifuniko kikaachia kwa mlio mdogo.

Akainama. Akachungulia.

"Bon," akasema hatimaye. "Hapa iko shida. Karatasi inasema nafasi mbili. Mi naona moja."

Akawaonyesha kwa ncha ya bisibisi. Kwenye bodi ya kijani palikuwa na alama ya nafasi ya pili, imechorwa vizuri, pamoja na tundu la skrubu na safu ya vitone vya risasi ya kulehemu. Lakini chombo chenyewe cha kupokelea diski hakikuwapo. Mtengenezaji hakukipachika. Walichora mlango, akasema Cyiza, ukuta hawakuutoboa.

Védaste akacheka. "Dada, si nilisema? Hata mashini imechoka na marehemu."

Mutesi alimuuliza Cyiza kama basi imeshindikana. Cyiza akatikisa kichwa. Iko njia, alisema: watakopi kila kilichomo katika diski ya zamani, wakitie katika hii mpya yenye tumbo kubwa zaidi, kisha wazibadilishe. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kikazi isiyo na kisa:

"Lakini nafasi ni moja. Mupya ikiingia, ya zamani inatoka. Mbili haziwezi kukaa pamoja."

Akachukua kibano. "Na huu nani aliuweka?"

Katika ile nafasi tupu, penye mlango uliochorwa tu, palikuwa na kitu cheusi. Cyiza alikiinua polepole hadi kwenye mwanga wa taa.

Kipande cha mkaa.

Kimezungushiwa uzi mweupe.

Harufu ikawafikia baadaye kidogo, harufu ya udongo mbichi wa milimani, ule wa mashamba ya viazi baada ya mvua. Mutesi alinyoosha kidole akagusa. Ulikuwa na joto... si joto la mashine. Ni joto la kitu kilichoshikwa muda mrefu katika kiganja.

Mluzi wa Védaste ulikuwa umekatika.

Cyiza alianza kusimulia yale aliyowahi kuyakuta ndani ya laptop za watu, mende na mayai ya mjusi na hata pete ya ndoa, lakini alipoutazama uso wa Mutesi akayaacha njiani. Mutesi akamweleza kwa sauti ya chini mkaa ule ni upi, na mara ya mwisho aliuacha wapi. Fundi akauweka mezani taratibu, akajifuta vidole kwenye suruali. Alikuwa kijana wa mashine, lakini alilelewa na bibi, na kwa mambo hayo hakuhitaji tafsiri.

"Dada," akanong'ona, "kama ameurudisha, basi anasema si wake."

"Si wake vipi?"

"Mukaa ni wa mutu aliyezimika. Labda yeye hakuzimika."

Védaste akasema huo ni upuuzi wa vikongwe. Akasema mkaa utupwe dirishani, diski ya zamani ifutwe, waende zao kula. Alisema mengi, tena haraka, na katika hayo yote hakuutazama ule mkaa hata mara moja. Cyiza alimtazama mwenye mali. Mutesi akamwambia: kopi.

Diski mpya ikatiwa katika kijumba chenye waya, waya ukachomekwa, na picha za Evode zikaanza kuhama.

Hapo umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukazama gizani, na kule chini sokoni watu wakapiga miguno ya mazoea. Laptop haikuzimika, kwa kuwa ilikuwa na chaji yake. Mwanga wake wa buluu ukawapaka nyuso zao rangi ya watu waliokaa majini. Cyiza akawasha mishumaa miwili, mmoja akausimamisha mezani, mwingine akauweka sakafuni karibu na mlango, ili mteja asijikwae kwenye kizingiti.

Wa mezani uliwaka. Wa sakafuni ukazimika.

Akauwasha tena. Ukazimika. Akasogeza njiti ya kiberiti yenye moto, akaishusha polepole. Penye kiuno iliwaka. Penye paja ikafa ghafla, kama iliyotumbukizwa kisimani.

Hakuna mzaliwa wa ziwa lile asiyejua maana yake. Ila mazuku hukaa mabondeni, kwenye mashimo na nyufa za mawe meusi. Haipandi ngazi. Haijapata kupanda ngazi, tangu mji ule uitwe mji.

"Mutu asiiname," Cyiza akanong'ona. "Mukae wima. Tutatoka polepole."

Lakini ngazini kulikuwa na nyayo zinazopanda. Za mtu mzima, nzito, zenye kusita. Na mbele yake, nyingine... nyepesi, zisizosita hata kidogo.

Aliyeingia kwanza ni mtoto wa kike, mdogo kiasi kwamba meza ilimpita kichwa. Nyuma yake aliingia mwanamke mwenye ushungi, akihema. Mutesi hakuwa amemwona maishani mwake. Védaste, yeye, alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga rafu.

"Nasrine," akasema. "We unafanya nini huku?"

Mwanamke alimtazama kwa namna mtu amtazamavyo mtu wa nyumbani anayemchelea, kisha akamgeukia Mutesi, akaomba radhi kwa kuingia bila hodi. Alisema yeye ni binti wa mji huu, wa familia ya Kiislamu, lakini anakaa Goma kwa shangazi yake tangu alipojifungua. Alisema mwanawe amelia tangu adhuhuri akimvuta mkono, wakavuka kabla mpaka haujafungwa, na mtoto huyu ambaye hajapata kukanyaga Gisenyi amemwongoza katikati ya soko, kona kwa kona, hadi ngazi hizi.

Mutesi alikuwa amekwisha acha kusikiliza. Alikuwa anamtazama mtoto. Mtoto alisimama kwa mguu mmoja, wa pili ameufunga nyuma ya goti, kama korongo. Kuna mtu mmoja tu aliyekuwa akisimama hivyo.

Kidevu cha mtoto kilikuwa chini kabisa ya pale ambapo kiberiti kilikufa. Na alikuwa anapumua. Kwa utulivu, kama aliye usingizini.

Mtoto akamtazama Védaste.

"Baba anauliza," akasema, "juu ya nini haukumuamusha?"

Waya wa diski ulikuwa unatoa mlio mwembamba. Védaste hakusema si kweli, wala hakusema nilikuwa mbali.

"Nani alikuambia?" alisema.

Hapo Mutesi akaelewa. Aliwaona wawili wale kibondeni kama vile na hiyo ilikuwa mojawapo ya picha zilizokuwa zinahama mbele yake: mmoja amelala, mwingine amesimama, kamera begani, anapumua... anangoja.

Védaste aliruka mezani akaunyakua ule mkaa. "Huu ndio unamushikilia," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea peke yake. "Akirudishiwa, atabaki huko." Ngozi ikatatarika, kama nyama juu ya mafuta. Akapiga ukelele, kiganja kikafunguka, na mkaa ukaanguka, ukabingirika taratibu hadi chini ya meza.

Aliitazama sakafu. Alijua. Zaidi ya wote mle ndani, yeye alijua. Akavuta pumzi, akajaza kifua, akafumba mdomo kama apigaye mbizi, kisha akainama. Mkono wake ukapapasa gizani, ukaugusa mkaa, ukaufumbata. Angeweza kuinuka.

Ndipo sauti ikaita kutoka chini ya meza.

Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya kirafiki, yenye kicheko ndani yake, sauti ya mtu aliye nyuma ya kamera akiwaomba watu watazame huku.

"Védaste."

Naye, kwa mazoea ya miaka, akaitika.

"Niko hapa."

Neno lilipomtoka, pumzi ikamtoka nalo. Na baada ya kutoka, pumzi hutaka kuingia.

Akaingiza.

Magoti yalimlegea bila kishindo. Cyiza alipiga hatua, akajaza kifua chake ili amvute kwa ukosi. Lilikuwa jambo la kuwezekana: mvuto mmoja, mlango ule pale. Mutesi alimshika mkono wa shati. Hakumshika kwa nguvu nyingi. Alimshika inavyotosha.

"Dada, anakufa."

"Evode alipokuwa anakufa," Mutesi akasema, "huyu alisimama."

Wakasimama. Nasrine alikuwa ameuma ushungi wake kwa meno, macho yake kwa mtoto. Mtoto alikwenda akaketi sakafuni, kando ya kichwa cha Védaste, akakitazama kwa makini, kama watoto watazamavyo mdudu. Mabega ya Védaste yalipanda yakashuka, yakapanda... yakakawia. Upepo wa ziwani ukagonga dirisha. Mshumaa wa mezani ukainama ukasimama tena. Kwenye kioo cha laptop pakatokea maneno: kazi imekamilika.

"Amelala," mtoto akasema.

Na taa zikarudi.

Hospitali walisema ni moyo. Wauza mchele wa ghorofa ya chini, waliokuwa wameketi kwenye mikeka muda wote ule, hawakuwa wamepata hata kikohozi, na paka wao alikuwa amelala palepale. Polisi walinusa huku na huku, wakanusa tu nta ya mshumaa. Mkaa haukuonekana tena, si chini ya meza wala katika kiganja cha Védaste, ingawa kiganja chenyewe kilikuwa na alama nyeusi ambayo maji hayakuitoa. Cyiza alizibadilisha zile diski siku ya pili, akamletea Mutesi laptop nyumbani Nengo, akakataa kupokea chochote. Picha zote zilikuwamo. Alikunywa chai kwa haraka, akiwa amesimama.

Nasrine alikaa kwao tangu jioni ile, na kidogo kidogo mambo yakafunguka, ingawa si yote. Walipendana na Evode kwa siri, kwa sababu ya dini za nyumba mbili, na Védaste alikuwa mjumbe wao. Yeye ndiye aliyevusha salamu, na nguo za mtoto, na maziwa. Baada ya msiba alifika Goma akamwambia kwamba familia ya marehemu imesikia habari zake na haitaki kumwona. Akaendelea kuleta maziwa. Kwa nini alimtakia rafiki yake kifo, Nasrine hakulisema waziwazi, na Mutesi hakuuliza. Aliona jibu limekaa palepale mbele yake, limevaa ushungi, limeinamisha macho.

Mama alimpakata mjukuu wake siku nzima. Kesho yake wakapanda Nyakiriba. Mama akamwaga pombe ya ndizi kaburini, akamwomba mwanawe radhi kwa kumzika kama mtu asiye na moto, naye ana moto. Nasrine alisimama pembeni, viganja wazi, akisoma dua yake. Mutesi aliikanyaga ile ardhi akaisikia imetulia, akafikiri: yamekwisha.

Hakufikiri hivyo kwa huruma. Alifikiri kwa utamu, kama mtu anayelamba kisu.

Na utamu ule haukumtosha. Mama yake Védaste alipokuja kumshika mikono, akamwambia kuwa mazishi yatakuwa Mahoko, kwamba mwanawe naye alikufa kapera, na kwamba mikono yake yeye mzazi ni dhaifu, je Mutesi angemfanyia wema ule aliomfanyia kaka yake, Mutesi alijibu kabla mama huyo hajamaliza kusema. Alikwenda. Alichagua mkaa mwenyewe, mkubwa, mweusi, uliozimika hadi ndani. Akaufunga uzi mara nyingi kuliko inavyohitajika. Akakifungua kile kiganja chenye alama, akaubana mkaa ndani yake, akavikunja vidole, akamwinamia marehemu sikioni kama amuagaye, akanong'ona:

"Zimika."

Kisha akatazama udongo ukishuka hadi mwisho.

Alirudi Nengo jua likiwa linazama. Nasrine alikuwa ameketi chumbani ukingoni mwa kitanda, anamsuka mtoto. Mutesi alivua viatu vyenye udongo, akaketi kwenye kigoda, akamsimulia yote bila kuficha: mkaa, uzi, kiganja, lile neno. Alitaka wafurahi pamoja. Alitaka mwanamke aliyefiwa na Evode ajue kwamba muuaji wake amezikwa kama mtu asiyekuwapo, bila jina, bila mbegu, bila pa kurudia.

Mikono ya Nasrine ilisimama katikati ya suko.

Haikuendelea. Mmoja ulibaki kichwani kwa mtoto. Wa pili ulishuka polepole, ukapita kifuani, ukatua chini ya kitovu, ukakaa hapo wazi, kama mkono uzuiao kitu kisimwagike.

"Wifi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Mi nilidhani munanikataa. Alikuwa anakuja kila wiki. Nilikuwa peke yangu." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Ungeniuliza kwanza kama hana mbegu."

Kutoka sakafuni, pale vilipokuwa viatu, ilimfikia Mutesi harufu ya udongo mbichi, wa Mahoko, si wa Nyakiriba.

Akainuka kwenye kigoda taratibu, bila kuinama. Akapanda kitandani. Nasrine akamvuta mtoto katikati yao, akakunja miguu chini ya kanga, naye Mutesi akaikunja yake. Nje giza lilikuwa linaingia kutoka upande wa Mahoko. Taa ya ukutani ilikuwa hatua chache tu kutoka kitandani, na hapakuwa na aliyeshusha mguu kwenda kuiwasha.